Bibi Aliyeninyonyesha

Mama alipokufa akinizaa mimi, bibi alikuwa bado ananyonyesha. Mtoto wake wa mwisho, mjomba wangu, ndiyo kwanza alikuwa ameota meno na kuanza kusimama kwa kushika ukuta. Bibi alirudi kutoka mazikoni, akaosha kifua, akanipakata. Maziwa hayakutosha wawili. Mjomba akaachishwa siku hiyohiyo, akapewa uji mwepesi, akalia mpaka sauti ikamkauka. Hayo sikuyaona, lakini nimesimuliwa mara nyingi, maana mjomba hakukubali yasahaulike.

"Huyu alininyang'anya mama," alikuwa akiwaambia wenzake tukiwa watoto, huku akininyooshea kidole. Bibi alisikia. Badala ya kumkemea, aliinamisha kichwa.

Bibi alikuwa mshona magodoro. Babu, mchukuzi wa mizigo stesheni, alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, akapata kazi na mke, basi. Bibi hakumlaani. Alisema mwanamume aliyeondoka hula kidogo kuliko aliyebaki, akafagia chumba cha mbele, akakifanya mahali pa kazi. Sufi ililetwa kwenye magunia pamoja na mbegu zake. Tuliimwaga sakafuni, tukafunga madirisha ili upepo usiipeperushe, tukaipiga kwa fimbo mpaka ikafumuka na mbegu zikaanguka chini. Kisha bibi aliishindilia kwenye mfuko wa kitambaa cha mistari, akashona mdomo kwa shazia, ile sindano ndefu nene, halafu akalitoboa godoro toka juu hadi chini na kukaza uzi, ili sufi isikimbilie upande mmoja. Nilikuwa na mvi za vumbi kabla sijabadilisha meno. Tulikohoa sote wawili, yeye kwa sauti nzito, mimi kwa nyembamba, na wapita njia walituita jogoo na kifaranga.

Mdomo wake haukuwa na kifuniko. Watu walioagiza godoro la harusi aliwaambia, "La maharusi nashona pindo mara mbili. Wale wa ndoa ya zamani hata gundi inawatosha." Wanawake walicheka hadi wakashika nguzo. Akitoka mteja, alirudi kuwa kimya na kukohoa.

Nilipofika umri wa kuanza shule, aliniketisha juu ya gunia.

"Mke mwenzangu," alisema, na hivyo ndivyo alivyoniita tukiwa wawili, "mjomba wako ndiye atakayesoma. Siwawezi wawili. Wewe ulikula ziwa lake, mwache naye ale kisomo."

"Nilikuwa mchanga, bibi. Sikumwomba."

"Hata yeye hakuombwa."

Alinikumbatia akalia. Alilia kwelikweli. Asubuhi akanipa fimbo ya kupigia sufi, iliyokatwa kwa urefu wangu.

Nikisema bibi alinipenda, wapo wanaodhani nadanganya au nimesamehe. Sikusamehe, wala sidanganyi. Nilipougua surua alilala ameketi, mimi kifuani pake, mpaka homa ikashuka. Nilipoolewa alinishonea godoro ambalo mafundi wengine walikuja kulitazama. Na mume wangu aliponirudisha, baada ya mimba kuharibika mara kwa mara, bibi alimsimamisha mlangoni.

"Ulimchukua mzima, umemleta vipande," alimwambia. "Hata godoro, mtu akilirudisha hurudisha na sufi yake."

"Bibi, mimi nataka watoto."

"Nenda kawatafute. Ukiwapata, uwafundishe kuaga watu vizuri."

Akafunga mlango, akaniwekea maji ya kuoga. Hakuniuliza kitu hata siku moja.

Kisha yakaja magodoro ya sponji, mepesi, ya rangi, yanayobebwa na mtoto. Magunia ya sufi yakakoma kuletwa. Chumba cha mbele tukampangisha kinyozi, na mimi nikawa nashona mito ya makochi ya watu. Kifua cha bibi kikazidi. Mwanzoni alikosa pumzi akipanda ngazi ya mlangoni, baadaye akikunja nguo, mwishowe akizungumza. Nilimbeba chooni, nilimwogesha, nilimgeuza asiote vidonda. Mjomba, ambaye alikuwa ameshakuwa mpima viwanja na mtu wa kuheshimiwa, alikuja kila alipopata nafasi, akaleta machungwa, akasimama karibu na dirisha.

Siku moja alikuja na mwanamume aliyegongagonga kuta kwa ngumi na kutazama dari. Kinyozi ndiye aliyeninong'oneza kuwa yule ni mnunuzi. Sikuwa na mume, mtoto, wala kisomo. Nilikuwa na paa lile tu, ambalo mabati yake ya nyuma niliyapandisha mimi mwenyewe.

"Nyumba ni ya mama," mjomba alisema nilipomkabili. "Na mtoto aliyebaki ni mimi. Wewe ni mjukuu."

"Nilinyonya ziwa lilelile, mjomba."

"Hilo najua kuliko wewe."

Nilimwita jirani yetu seremala awe shahidi, tukaingia kwa bibi. Mwili ulikuwa umekwisha, lakini akili ilikuwa timamu. Asubuhi hiyo alikuwa amemtania seremala kwamba asianze kumpima kwa macho. Nyumba ilikuwa yake, na neno lingekuwa lake. Seremala akamuuliza taratibu anataka nyumba iende kwa nani.

Bibi alivuta pumzi, akasubiri, akavuta nyingine.

"Kwa mwanangu," alisema, akamtazama mjomba.

"Na mimi, bibi?"

Alinipapasa mkono. "Wewe una mimi."

Alisema kwa upole, kama mama anayegawa mkate katikati kabisa. Seremala alijifanya anakagua bawaba za dirisha. Mjomba alilia, mtu mzima wa mvi, akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye mguu wa kitanda. Mimi nilikwenda kuchemsha maji, kwa kuwa wakati wake wa kuoga ulikuwa umefika.

Mnunuzi alikuwa mtu wa huruma. Alikubali kungoja mpaka bibi apumzike, ndipo avunje. Kwa hiyo kila pumzi aliyovuta bibi ilikuwa siku yangu ya kulala ndani. Mtaani walilisema hilo kabla sijalifikiria. Nilipotafuta maziwa asubuhi, muuza duka alinitania, "Mlishe, mlishe, akifa utalala kwa nani?" Tangu hapo nilikuwa nikimnywesha uji na kujiuliza kijiko hiki ni cha nani. Yeye alikunywa chote, akanishukuru. Mjomba akija alisimama mlangoni akauliza, "Vipi, bado?" Nami nilimjibu, "Bado."

Alikufa mchana, baada ya mvua kukatika, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Mazikoni walimsifu kwa maisha marefu na kwa mtoto wake msomi. Mimi nilikuwa jikoni na wapishi.

Mnunuzi alipotuma watu waanze kung'oa mabati, mjomba alinikuta nimekaa nje na mfuko wangu wa nguo.

"Binti yangu anarudi kazini, na mtoto wake bado mchanga," alisema. "Kwake kuna chumba nyuma, karibu na stoo. Wewe hujui kukaa bila mtu wa kumlea."

"Kwa mshahara, au kwa undugu?"

"Ndugu gani hulipwa?"

Nilitazama barabara upande huu na upande ule. Hakuna niliyemjua upande wowote ambaye angenifungulia mlango. Mjomba akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaondoa makaratasi yake kwenye kiti ili nipate pa kukaa, nikaingia.