Shangazi wa Shujaa

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Igogo, na riwaya ya joka ninayofundisha sijaisoma. Niliangalia filamu yake kwenye banda la video Buzuruga, DJ akitafsiri kwa Kiswahili. Mwishoni shujaa amezingirwa, hana pa kutokea. Ghafla anashuka mama mmoja juu ya wingu, anapiga makofi, joka linakufa. DJ akasema huyo ni shangazi yake kutoka Sengerema.

Kesho yake mthibiti ubora wa shule akaja kukaa nyuma ya darasa langu. Sengerema niliiacha, mimi si mjinga. Shangazi nikamfundisha dakika arobaini.

"Samahani, mwalimu," mthibiti akasema, "huyo shangazi yuko ukurasa gani?"

"Wa mwisho, mheshimiwa."

Akaazima kitabu cha mwanafunzi, akafunua, akasoma taratibu.

"Mwalimu, hapa shujaa ameshaliwa."