Mume wangu alizidiwa kwenye magofu ya Wainka, na mimi sijawahi kuendesha gari la gia

Wakuu, salamu kwenu wote, na zaidi kwa mlioko huku kwenye baridi.

Humu mimi ni msomaji wa kimya. Leo nimeamua kuandika kwa sababu jana nimelala usingizi wa maana kwa mara ya kwanza tangu turudi safari, na nadhani sasa naweza kusimulia. Haya yametukuta sisi wenyewe. Sitaongeza kitu, na pale nilipofanya vituko nitasema.

Tunaishi Coon Rapids, Minnesota, huku Marekani. Mimi ni nursing assistant, msaidizi wa manesi hospitalini, mume wangu Godlisten, ambaye kila mtu anamwita Godi, yuko warehouse. Tuna binti mmoja, Neema.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Marangu, kule Kilimanjaro. Bahati mbaya alifika wakati wa snow. Mtu aliyezoea kuamka na kwenda kukatia ng'ombe majani, akajikuta kutwa nzima yuko dirishani anaangalia parking.

Mimi na mama hatukuwa na ugomvi. Ila maongezi hayakuwepo. Shikamoo, karibu chakula, pole na kazi, imeisha hiyo. Mimi ni mtu wa Tanga, na siku zote nilihisi ananiona kama mgeni aliyekaribishwa akasahau kuondoka.

Snow ilipoisha Godi akaja na wazo. "Mama amechoka na hii tambarare. Nataka nimpeleke penye milima ya kweli."

Akachagua Peru. Kwa wasiofahamu, kule ndiko walikokaa Wainka, watu waliojenga miji ya mawe na mashamba juu ya milima ya Andes kabla Wahispania hawajafika. Mpango wake ulikuwa turuke hadi Cusco, tukodi gari, tuzunguke wenyewe kwenye magofu bila kufuata basi la watalii. Neema tukamwacha Roseville, mji wa jirani, kwa rafiki yangu Mama Furaha, Mkongomani, mtu ninayemwamini kama dada.

(Mambo ya visa ni uzi mwingine kabisa, msiniulize hapa nitalia.)

Sasa Cusco iko juu sana, wakuu. Ukipanda ngazi za hoteli tu unahema kama umekimbizwa. Mtu wa mapokezi akatushauri tupumzike kwanza, tunywe chai ya majani yao, tusikimbilie kutembea. Mimi na mama tukatii.

Godi akacheka. "Mimi nimezaliwa mlimani bwana. Unaniambia habari ya mwinuko?"

Amezaliwa mlimani ni kweli. Ila ameishi Minnesota miaka mingi, na kwenye mapafu kumbe huko kuzaliwa hakuhesabiki.

Alianza kukohoa kule hotelini. Nikamuuliza, akasema ni vumbi.

Asubuhi tukaondoka mapema ili tuwahi kabla ya mabasi. Gari la automatic lilikuwa limekosekana, tukapewa la gia. Godi alifurahi kama mtoto. Mimi leseni nimeipata huku Minnesota, automatic toka siku ya kwanza. Klachi naisikia tu.

Tukafika mahali panaitwa Moray.

Wakuu, ngoja nisimame kidogo hapa, maana pale panastahili. Fikiria shimo kubwa sana kwenye uwanda wa juu, na ndani yake matuta ya mviringo, moja chini ya jingine, yamejengwa kwa mawe, yanashuka hadi kwenye duara dogo la majani mabichi katikati. Unaambiwa ni mashamba ya Wainka, na wengine wanasema walikuwa wanajaribia mbegu. Kila tuta lina ubaridi wake na joto lake.

Mama mkwe alisimama ukingoni akiyafuata matuta kwa macho. Halafu akauliza, "Maji yanapita wapi?"

Nikamwonyesha mifereji ya mawe inayoshuka kutoka tuta hadi tuta. Akatabasamu, mara ya kwanza namwona anatabasamu hivyo tangu aje.

"Huu ni mfongo," akasema. Wachaga ndivyo wanavyoita mifereji yao ya kumwagilia migomba. "Hawa walikuwa na akili. Tazama, hata tone halipotei."

Akaanza kunieleza jinsi kwao walivyokuwa wanapeana zamu za maji, nani aliiba zamu ya nani, nani na nani hawasemeshani mpaka leo. Tulicheka sana. Tukatembea njia ya ukingoni tukishuka, mimi na yeye tumetangulia. Sikuamini kwamba ni mama yule yule wa dirishani.

Tulipogeuka, Godi hayupo nyuma yetu.

Alikuwa amekaa kwenye jiwe huko juu, ameinamisha kichwa. Mama akasema ni njaa, asubuhi hakula, akaanza kutafuta ndizi kwenye mkoba.

Mimi nilimwangalia midomo.

Midomo ilikuwa imebadilika rangi, kama mtu aliyekula zambarau. Amekaa, hatembei, lakini anahema kama anayepandisha gunia. Akakohoa, akatema kwenye kitambaa, na nikaona povu lenye rangi ya pinki.

Hospitalini nimeona watu wa kila namna. Sijawahi kuogopa vile. Nilijua ni ule mwinuko, mapafu yanajaa maji, na nilijua kwamba dawa ya kwanza ni kumshusha chini. Siyo baadaye. Wakati ule ule.

"Mama, siyo njaa. Tukikaa hapa tunampoteza."

Mama aliniangalia usoni, akaitupa ndizi.

Mlinzi wa getini, mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu, alikuja mbio. Tukamshika Godi, mlinzi huku mimi huku, mama anasukuma mgongoni, hadi kwenye gari. Mlinzi hajui Kiingereza, mimi sijui Kihispania. Alikuwa anaonyesha bondeni kwa mkono anasema, "Urubamba! Urubamba!" Ni mji ulioko chini. Nikatumia simu kutafsiri: ambulance ingetoka huko huko Urubamba, ije juu ndipo irudi. Yeye mwenyewe hajui kuendesha. Watalii bado hawajafika. Parking kulikuwa na gari letu peke yake.

Nikakaa kwenye usukani.

Likazima. Nikawasha, likaruka kama mbuzi, likazima tena. Nikaanza kulia.

"Mama Neema." Mama mkwe alikuwa amekaa mbele kando yangu, sauti yake imetulia kabisa. "Kanyaga klachi mpaka mwisho. Weka ya kwanza. Sasa iachie polepole, polepole, usiogope. Hivyo."

Gari likaondoka.

Kumbe marehemu baba mkwe alikuwa na pickup ya kupeleka ndizi sokoni, na mama alikaa kiti cha pembeni miaka yote hiyo. Hajawahi kushika usukani, ila lile gari alilijua kwa masikio.

"Sikia linavyolalamika. Ongeza gia."

Naongeza.

Mwanzoni ni barabara ya vumbi, tambarare. Halafu ukaja mteremko wenyewe, kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hewa tu. Nikashikilia breki mpaka nikasikia harufu ya kuungua.

"Achia breki! Rudi ya pili, acha injini ikushikilie. Macho mbele. Godi namwangalia mimi."

Alikuwa amejigeuza nusu, mkono wake mmoja uko nyuma umeshika goti la mwanawe, anamwita jina kila mara. Godi anaitika kwa kuguna. Kuna sehemu aliita mara mbili hakujibiwa. Sikugeuka. Sijui nilipata wapi nguvu ya kutogeuka.

Mara ya tatu akaguna.

Kadiri tulivyoshuka, kuguna kukawa neno. Karibu na chini kabisa nikasikia sauti dhaifu kutoka nyuma: "Mnaniunguzia klachi."

Mama akaangua kicheko na kilio kwa pamoja, na mimi hivyo hivyo, nikalipandisha gari juu ya ukingo wa barabara.

Zahanati tuliipata kwa kuulizia njiani. Wakamwekea oksijeni papo hapo. Daktari alikuwa na Kiingereza cha kutosha, akasema mngechelewa kule juu leo tungekuwa na mazungumzo mengine.

Nilitoka nje nikakaa chini kwenye sakafu ya baraza. Mama akaja akakaa pembeni yangu, pale pale chini, na nguo yake nzuri. Akanivua viatu, akaanza kunikanda miguu. Mama mkwe, wakuu. Nikamzuia, akanipiga kofi dogo mkononi akaendelea.

Tulilazimika kukatisha safari. Yale magofu mengine tuliyaona kwenye postcard. Godi sasa ni mzima, vipimo vya huku vimetoka safi, amerudi kazini. Mama ameondoka wiki iliyopita. Airport alinikumbatia mimi muda mrefu kuliko mwanawe, na mwanawe analalamika mpaka leo.

Nilichojifunza: ukienda mahali pa juu, pumzika kwanza, hata kama babu yako alizaliwa kwenye kilele. Kikohozi usikiite vumbi. Na kama gari ni moja, kila mtu mzima ajue kuliendesha. Mimi nimeanza kujifunza gia rasmi, kwa gari la jirani.

Kama kuna mtu humu yalimkuta ya mwinuko, Kilimanjaro au popote, aeleze alivyopona, atasaidia wanaopanga safari. Maswali karibuni, matusi pelekeni kwa Godi.

Yuko hapa pembeni anasoma ninavyoandika. Anasema niwaambie kwamba siku ile hakulia.

Alilia.