Siku Pirogi Zilipofungwa

Juzi, kando ya barabara ya bandarini, niliona watoto wa shule wamepangwa juani wakimwimbia mukubwa fulani ambaye hata hajafika. Nilikasirika.

Enzi za Zaire nami nilipangwa hivyo kijijini kwetu, ng'ambo ya mto Lualaba, tukimchezea ngoma mukubwa wa chama. Vumbi lilinuka jasho na mafuta ya mawese. Pirogi zote, mitumbwi yetu ya kuvukia, zilifungwa minyororo mpaka yeye avuke. Mama alisimama ukingoni na mdogo wangu Saidi, aliyekuwa akiwaka homa, macho ya mama yakiwa kwenye mapaa ya mji wa Kindu upande wa pili, kwenye hospitali.

"Baba, mutoto anakufa," alimwambia askari. "Univushe."

"Ngoja, mama. Mukubwa njo wa kwanza kuvuka."

Mimi niliona haya tu, kwa sababu katika umati wote ule mama yangu peke yake hakupiga makofi. Nikacheza kwa nguvu zaidi ili nifunike aibu yake.

Saidi alikata roho ngoma zikilia. Matangani watu walisema kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli. Lakini Mungu hakufunga pirogi.