Punda wa Embulbul, Lori la Mbulumbulu

Siku yangu ya kwanza kazini, Dodoma, Fundi Mkuu wa maabara ya miamba alinipa nyundo yenye ncha upande mmoja akaniambia, "Binti, jiwe usiliamini sura yake. Livunje kwanza." Alikuwa na maana kwamba ngozi ya mwamba huchomwa na jua na kuoshwa na mvua mpaka inadanganya. Ukiupata uso mpya wa ndani ndipo utajua kama ni lava au ni majivu ya volkano yaliyoshikamana.

Baadaye nilihamishiwa Arusha, kisha Karatu, nikawa fundi sanifu wa maandalizi. Vijana mnadhani utafiti wa volkano huanza mlimani. Huanza stoo. Unakagua dira ya kupimia mwinamo wa tabaka, yaani mwamba umelalia upande gani. Mifuko ya sampuli unaiandika kwa wino usiofutika, na barakoa za gesi unazivaa mwenyewe uone kama zinavuja. Kibali cha kuingia hifadhini kiwe mkononi, wazee wa boma wawe na habari, na mwenye punda wa kubeba maji awe amekubali kwa kinywa chake. Kazi hiyo niliijua vizuri, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu.

Ndipo akaletwa Tluway, mzaliwa wa Mbulumbulu, vijiji vya wakulima hapahapa Karatu, mcheshi, mwenye nyota ya kupendwa. Bosi wetu, Mjiolojia Mwandamizi, akawa hamalizi kikao bila kuuliza, "Tluway anasemaje?" Mimi nilikuwa nimekaa palepale na majibu yangu mdomoni. Nilimwonea gere tangu wiki ile ya kwanza.

Ukaja utafiti wa nyanda za juu za Ngorongoro. Mjiolojia Mwandamizi alitangaza kwamba atakayeandaa vizuri zaidi ndiye atakuwa Msimamizi wa Maandalizi wa kanda. Cheo kile nilikitaka hadi nikakiota. Mimi nilipewa kutangulia kutafuta punda na mahali pa kambi. Tluway akapewa lori la vifaa, aelekezwe kwa simu tukishapata mahali.

Nilichagua Embulbul, bonde pana la majani chini ya mlima Olmoti. Bosi alipofika na kupaona, alinisifu, kisha akapiga simu. Mtandao ulikuwa unakatakata. "Embulbul, Tluway! Embulbul!" Upande wa pili ukajibu, "Sawa mkuu, napajua kama kiganja changu!"

Tukasubiri. Jua likapanda, likaanza kushuka, lori halionekani. Mwenye punda, mzee wa Kimaasai, akaniuliza, akiniita mama kwa lugha yao, "Sasa yeyo, punda zangu zimekuja kuangalia upepo?"

Bosi akapiga tena, safari hii kwa sauti ya nje, sote tusikie.

"Tluway, uko wapi?"

"Nipo Mbulumbulu mkuu, kama ulivyosema. Mama ametupikia chai. Ila punda siwaoni."

Mzee wa punda alicheka mpaka akaishikilia fimbo yake. Mwarusha au Mmeru asingekosea hivyo; ilihitaji mtu wa Mbulumbulu kusikia Embulbul akadhani anaitwa nyumbani. Na mimi nilicheka, tena kwa furaha isiyo nzuri. Nilijisemea moyoni, leo kwisha habari yake, cheo ni changu.

Tluway akaendelea, "Lakini mkuu, hapa mvua imekata korongo nyuma ya shamba letu. Majivu yamejipanga tabaka juu ya tabaka, na kati yake kuna udongo mwekundu. Sijawahi kuona ukuta safi namna hii."

Macho ya bosi yakawaka. Udongo kati ya majivu maana yake volkano ilipumzika muda mrefu kabla ya kulipuka tena, na huo ndio ushahidi tuliokuwa tunautafuta. "Usiondoke hapo," akasema. Kisha akanigeukia. "Yasinta, fungasha. Kambi inahamia Mbulumbulu."

Nilibaki kumwomba radhi mwenye punda. Kisha nikafungasha, wala sikuagana naye vizuri.

Cheo alipewa Tluway, nikafanya kazi chini yake hadi nikastaafu. Hakunionea hata mara moja. Kila mgeni alipokuja, yeye alimwambia, "Huyu dada ndiye aliyenifundisha stoo," nami nilitamani anitukane, nipate sababu.

Sasa sote tumestaafu, na tunakaa mtaa mmoja hapa Karatu. Mkiniuliza kazi ile imeniachia nini, nitasema magoti mabovu, jicho la kusoma jiwe, na wivu ambao pensheni haikuutibu. Gari la watafiti likipita, nachungulia dirishani nione litasimama kwa nani. Juzi lilisimama kwangu. Nilijifunga kitenge kipya, nikatoka haraka huku natabasamu.

"Shikamoo mama," dereva akasema. "Samahani, kwa Mzee Tluway ni wapi?"