Unga wa Jiwe Kwenye Kidonda

Mwezi uliopita, katika zahanati moja mjini Kisii, daktari kijana alimpaka binti yangu gundi kwenye kidevu kilichopasuka alipoteleza bafuni. "Usijali, mzee," akaniambia, "siku hizi hatushoni kila kitu. Hii ni gundi ya hospitali." Mimi, mwenye shahada mbili na kitambi, nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi. Binti yangu ndiye aliyekuja kuniinua.

Wewe ambaye hukulelewa Tabaka, kijijini kwa wachonga mawe, utanicheka. Ngoja nikueleze.

Kwetu vumbi la jiwe la sabuni lilitua kila mahali: kwenye majani ya migomba, kwenye nywele, kwenye chai. Asubuhi niliamshwa na tupa ya Baba ikikwaruza jiwe, kisha msasa wa Mama na Nyanya, wakisugua vinyago ndani ya karai la maji huku wakisengenya majirani. Baba alichonga viboko. Jiwe lile ni laini na halina adabu. Sikio la kiboko hudondoka siku mnunuzi anapokuja. Hapo Baba alitoa supaglu, gundi kali ya dukani. Alidondosha tone kwenye ufa, nami kabla halijakauka nilinyunyiza unga wa jiwe juu yake. Ukipitisha msasa, ufa huuoni tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na kwa sababu yake nilitembea kijijini kifua mbele kama mwenye karakana.

Jumatatu moja kisu kilimteleza Baba kikazama chini ya dole gumba la mkono wake wa kushoto. Damu ilimwagika juu ya kiboko mweupe. Mama alikuwa amepeleka ndizi sokoni. Baba alikibana kidonda, akakijaza supaglu, akakunja uso na kupuliza. Kisha akanitazama.

"Unga."

"Kwa mkono, Baba?"

"Kwani mkono ni nini? Leta unga."

Nikanyunyiza. Akapitisha msasa juu juu, akacheka. "Ona kazi hiyo! Mama yako hataona kitu. Na wewe, funga mdomo." Nikaapa.

Kilichonitisha baadaye ni jinsi kidonda kile kilivyopendeza. Kilikuwa cheupe, laini, bila alama. Jumanne dole lilinenepa. Jumatano nilipomshikia jiwe, nilisikia harufu tamu, kama ndizi zilizosahaulika guniani.

"Baba, kunanuka."

"Ni maji ya karai. Shika jiwe."

Alhamisi alivaa koti juani. Mama alipouliza, akasema ni malaria. Mkono wa koti ulipopanda kidogo, niliona mstari mwekundu ukielekea kwenye kiwiko. Mama alinitazama. Nikautazama ugali. Ijumaa hakugusa tupa kabisa, na boma likawa kimya hadi kuku wakaonekana kama wanatembea kwa kunyata. Nilikuwa na miaka tisa, na kiapo nilikuwa nimekula.

Jumamosi, siku yetu ya Sabato, aliketi kanisani mkono ukiwa mfukoni, jasho likimtoka puani. Wimbo ulipokwisha, Nyanya, aliyejiona askari wa usafi wa kanisa zima, alinusa kushoto na kulia. "Ni nani amekuja na kitu kilichooza nyumbani kwa Mungu?" Akamkazia macho jirani yetu, ambaye aliangalia viatu vyake kwa aibu.

"Ni mkono wa Baba," nikasema. Sauti yangu ilifika mimbarini. "Tuliuziba."

Walimpeleka hospitali kwa gari la mzee wa kanisa. Daktari alisema unga ule uliingia na uchafu wake wote, kisha gundi ikaufungia humo. Jumapili walikata dole gumba na kipande cha kiganja ili mkono ubaki.

Niliporuhusiwa kumwona, alikuwa ameegemea mto, bandeji kubwa kama kichwa cha mtoto. Nilianza kulia. Aliniacha nilie kwanza.

"Ulijua tangu Jumatano," akasema.

"Ndiyo, Baba. Ulinikataza."

"Nilikukataza, ndiyo. Ungesema tu. Ningekuchapa, lakini ungesema."

Hakulirudia neno hilo maisha yake yote. Bila dole gumba, jiwe lilimponyoka kila alipolishika. Alijaribu kulibana kwa magoti, viboko wakatoka wamepinda, na siku moja akampa jirani tupa zake. Banda likawa la mbuzi. Mvua iliosha vumbi kwenye migomba, majani yakawa ya kijani kama ya watu wengine, na asubuhi nikaamshwa na majogoo tu.

Watu hulalamika kwamba sijui kunyamaza. Nasema yasiyosemwa mazishini, nasema mezani kwa wakwe, nikimwona mtu anachechemea nitamuuliza mbele ya wageni. Mke wangu hunikanyaga mguu chini ya meza. Naendelea.