Nilivyomziba samaki pua: siku niliyomvulia mume wangu trauti

Wakuu, salamu zenu. Typing yangu ni ya kizee, mnivumilie. Hii ni true story, na shahidi amekaa hapa pembeni anakunywa chai.

Miaka ya themanini mwanzoni niliolewa Karatu. Mimi Mmaasai wa Endulen, mume wangu Paulo ni Mwiraqw, mkulima. Kwetu samaki hatuli. Nilikua nikijua ni ndugu yake nyoka.

Sasa Paulo alikuwa mgonjwa wa fly fishing! Alijifunza kwenye shamba la mzungu. Anafunga manyoya ya kanga kwenye ndoano yafanane na nzi, anapanda kijitoni msituni kutafuta trauti, samaki wa madoadoa waliopandikizwa zamani wakageuka wa mwitu.

Nilimwambia avue atakavyo, ila sufuria zangu asiguse. Basi akivua anawatazama, anawarudisha majini. Nilimwona mwehu, lakini mwehu wangu.

Akaugua homa ya matumbo. Hospitali walimruhusu, wakasisitiza ale. Uji hataki, maziwa hataki. Alibaki mifupa. Wakuu, niliogopa sana kumpoteza.

Nikamuuliza, "Paulo, moyo wako unataka nini?"

Akaona aibu. "Trauti."

Nikachukua ufito wake wa kuvulia. Akanielekeza akiwa kitandani: "Usichape kama unafukuza ng'ombe. Nzi atue polepole, kama amechoka."

Kufika kijitoni, nilichapa maji, nikanasa vichaka, nikanasa shuka langu. Nikalia. Halafu mkono ukachoka, nzi akatua mwenyewe taratibu. Ufito ukapinda!

Nikamvuta samaki nje anarukaruka. Sasa namuuaje? Kwetu mbuzi tunamziba pua na mdomo mpaka atulie. Nikambana chini, nikaziba. Nikangoja weee. Hatulii! Baadaye sana akatulia mwenyewe.

Nyumbani nilimpikia Paulo kwa maziwa, sikujua kingine. Akauliza samaki nilimuuaje. Nikamweleza.

Alicheka mpaka akakohoa. "Naserian, samaki anapumulia mashavuni!"

Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu augue. Akala. Akanibakizia kipande, nami nikala nimefumba macho, kwa sababu nilimpenda.

Nilichojifunza: cha mwenzako usichokielewa, kiguse kwanza kwa mkono wako.

Mliooa na kuolewa nje ya kabila, semeni, mlikula nini kwa ajili ya mapenzi?

Paulo anachungulia simu, anataka niandike kwamba samaki alikuwa mkubwa. Alikuwa kama kiganja. Lakini alitosha watu wawili.