Futari kwenye Shamba la Chumvi

Ramadhani hii nilialikwa kufuturu kwenye shamba la chumvi karibu na Kaole. Mwenye shamba, kijana wa kanzu nyeupe pe, alileta futari mwenyewe, akakaa mkekani na wafanyakazi wake, akamega muhogo wa nazi, akasema: "Hapa hakuna bosi wala kibarua. Sote ndugu."

Mama mmoja, aliyeshinda akibeba chumvi kichwani, aliweka chini kikombe chake cha uji. "Alhamdulillahi, mwanangu," akasema kwa upole. "Basi kesho chumvi ubebe wewe, futari nitaleta mimi."

Watu wakaangua kicheko, na kijana akacheka kuwashinda wote.

Nimesoma vitabu vinene kuhusu mabwanyenye na wavujajasho. Hakuna kilichonieleza kwa ufupi hivyo. Kesho yake nilirudi. Futari ilikuwa tamu vilevile, ila aliyeileta ni dereva wa yule kijana.